Siku Marehemu Alipokuwa Mgeni Rasmi

Nimezika watu wengi katika umri wangu. Ni mmoja tu niliyemwona akifanywa mgeni rasmi kwenye mazishi yake mwenyewe.

Msicheke kwanza. Tulieni niwasimulie.

Naitwa Mzee Danieli. Nimestaafu reli, kikosi cha njia, na miaka mingi ya kazi yangu niliimalizia pale Munisagara. Mpaka darasa la nne nilisoma mchana kama watu wengine. Mengine yote niliyasoma jioni, elimu ya watu wazima, nikiwa nimeshaweka nyundo chini na mikono bado inauma. Nayasema haya ili mjue anayeandika hapa si mzee wa kubahatisha. Simu hii nimejifunza mwenyewe, na nukta naweka panapostahili, tofauti na wengi wenu humu kundini.

Kitongoji chetu kinaitwa Mlolweni. Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi, unaacha barabara, unashuka bondeni, unakutana na korongo. Sisi tuko upande wa pili.

Shule iko ng'ambo ya korongo. Zahanati iko ng'ambo. Makaburi yako ng'ambo.

Upande wetu kuna mpunga, mahindi na kamati.

Ndiyo, kamati. Kamati ya Maendeleo ya Kitongoji. Mwenyekiti ni Bonifas, na mimi ni mjumbe.

Masika ya mwaka juzi maji yalikibeba kivuko chetu cha magogo. Kilikwenda chote, hata kigogo cha kukalia hakikubaki.

Wakati ule mkwe wangu, Raheli, alikuwa mjamzito. Mwanangu yuko Ruaha kwenye miwa, kwa hiyo mkewe anakaa nami. Uchungu ulimshika korongo likiwa limejaa. Tukambeba mpaka ukingoni. Tukawaita watu wa ng'ambo, na watu wa ng'ambo wakatuita sisi. Hakuna aliyevuka.

Mama yake Bonifas, Bibi Costancia, ndiye aliyepiga magoti pale kwenye matope akamshika. Bibi yule alizalisha nusu ya kitongoji kabla zahanati haijajengwa.

Maji yalipopungua, mtoto alikuwa ameshafika na ameshaondoka.

Sasa Raheli alikuwa na mimba nyingine. Na masika mengine yalikuwa yanakuja.

Najua kuna mjuaji mmoja hapo anataka kuandika, "Si ungempeleka akakae ng'ambo?" Kwa nani? Ndugu zake wako mbali, na kodi ya nyumba ya kupanga hailipwi kwa jembe. Soma kwanza, utauliza baadaye.

Tuliomba msaada. Halmashauri ikakubali, na mimi nikafurahi kama mtoto. Nilidhani msaada ni daraja.

Kumbe kabla ya daraja ilitakiwa kamati ijengewe uwezo.

Tukaletewa mradi mzima, unaitwa Kamati Imara, pamoja na mwezeshaji wake, kijana mmoja Kelvin, viatu vyeupe kama havijawahi kukanyaga Tanzania. Tukapelekwa Mikumi, kwenye ukumbi wa kando ya barabara kuu, malori yanapita mpaka vikombe vinagongana.

"Wadau, mambo vipi!" Kelvin akafungua semina.

"Poa!" wakajibu wazee wenzangu, watu wenye wajukuu.

Mimi kimya.

"Mzee wangu, mbona hujachangamka?"

"Nasubiri shikamoo yangu. Ikifika nitachangamka."

Ukumbi ukacheka. Kijana akainama kidogo. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, endelea."

Akaendelea. Kwanza tukatunga sheria za semina: simu zizimwe, kila wazo ni zuri. Kisha tukataja matarajio yetu na hofu zetu. Kisha tukasimamishwa tukatikisa viuno ili kupasha mwili. Mimi, niliyebeba mataruma ya reli begani, nikatikiswa kiuno na mtoto wa juzi kwa niaba ya maendeleo!

Halafu akachora mti kwenye karatasi kubwa ukutani. Akauita mti wa matatizo.

"Tatizo ni kukosa kivuko. Nani anaujua mzizi wake?"

"Hakuna mbao," nikasema.

"Hapana mzee, hilo ni tawi. Tunatafuta mzizi."

"Mzizi wa kukosa daraja ni kukosa mbao, kijana."

"Tufikiri kwa kina, mzee."

Bonifas akanyoosha mkono. "Uelewa mdogo wa jamii."

"Safi sana mwenyekiti! Mpigieni makofi ya kilo!"

Wakampigia kilo nzima. Uelewa mdogo! Yale maji yaliyobeba magogo yetu nadhani yalikuwa na shahada.

Pembeni yangu alikaa Scholastica, mjumbe mwenzangu, bibi wa rika langu. Alikuwa anamtazama tu Kelvin, jinsi anavyonyoosha vidole, jinsi anavyotembea na kalamu yake nene, kama mtu anayetazama fundi akikata kitambaa ili akakate mwenyewe nyumbani.

Pilau nilikula. Dharau haishibishi.

Wakati wa kurudi gari letu lilisimama kupisha tembo. Mama alitangulia, watoto katikati, wakavuka barabara bila kelele wakaenda zao. Hawana dira, hawana dhamira, na wote walifika ng'ambo.

Semina hazikuishia hapo. Tulisomeshwa uongozi bora. Tulisomeshwa mawasiliano. Tukapewa fulana, kofia na vyeti vyenye mihuri. Dira yetu ikabandikwa ukutani kwa Bonifas: Mlolweni kuwa kitongoji cha mfano kufikia mwaka fulani. Mwaka wenyewe nimeusahau, ila nakumbuka mimi sitakuwepo.

Nisiwe mwongo, lakini. Vifaa vilikuja.

Kiangazi, korongo likiwa kavu, gari lilivuka likashusha mihimili miwili mizito, mbao za kukanyagia, misumari na waya, vyote uani kwa Bonifas. Watu wakashangilia. Mimi nikaenda kunoa msumeno wangu.

Nilipofika na msumeno, nikakuta vimefunikwa turubai na kamba zimefungwa.

Kelvin alikuwa ameacha agizo. Vifaa visiguswe mpaka mgeni rasmi aje kuvikabidhi. Kuna picha zitapigwa, kuna utepe utakatwa.

Mgeni rasmi akapanga tarehe, akaahirisha. Akapanga nyingine, akaahirisha. Mchwa hawakuahirisha.

Tumbo la Raheli nalo halikuahirisha. Jioni alikuwa anasimama mlangoni anatazama mawingu ya upande wa milimani. Nikimwuliza, "Mwanangu, unatazama nini?" ananijibu, "Natazama tu, baba."

Nikaenda kwa Bonifas.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimefuata mbao."

"Mzee Danieli, kuna utaratibu."

"Huo utaratibu unajua kuogelea?"

Akatazama chini. "Nikizigusa kabla hazijakabidhiwa, watasema kamati haina nidhamu. Watazihamishia kitongoji kingine, na sisi tutabaki na turubai."

"Kwa hiyo Raheli asubiri picha?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Hujasema kitu chochote tangu uchaguliwe, Bonifas. Wewe mwenyewe umefunikwa turubai."

Alikwenda kukaza kamba moja iliyolegea. Nikamwita jina ambalo sitaliandika humu kwa kuwa nina wajukuu wanaosoma, nikaondoka na msumeno wangu.

Wiki hiyohiyo Bibi Costancia akafariki. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Kifo cha mtu mwema.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana vijana wa siku hizi mnajua utani wa kwenye simu tu.

Kwetu kila ukoo una ukoo wa watani. Ukifiwa, wa kwanza kupewa taarifa ni mtani wako, na bila yeye hakuna maziko. Mtani atakusaidia kazi zote za msiba, lakini atafanya atakalo. Atavaa nguo za marehemu. Atamwigiza anavyotembea. Atakaa mlangoni aseme hakuna kutoka mpaka nipewe kitu fulani, na utampa. Hanuniwi. Ukimkasirikia mtani msibani, aibu ni yako na ya ukoo wako, na haifutiki.

Mtani wa ukoo wa Bonifas ni Scholastica.

Mimi mambo hayo, niseme ukweli, nilikuwa nayaona ya kizamani. Mtu aliyesoma anapeleka hoja yake ofisini kwa maneno yaliyopangwa. Ndivyo nilivyofundishwa jioni.

Siku ya maziko watu walijaa. Kelvin naye alikuja, kabeba shada la maua lenye utepe mwekundu, kavaa fulana ya mradi. Katekista akaomba, jeneza likainuliwa, tukashuka nalo kuelekea korongoni.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza huko juu. Maji yalikuwa ya magotini, mekundu, yanakwenda mbio. Wabebaji wakakunja suruali zao, tayari kuingia.

Ndipo mtu akatokea mbele yetu akasimama katikati ya njia.

Scholastica.

Amevaa fulana ya kamati ya Bonifas, imemfika magotini, na kofia ya mradi ameigeuza nyuma mbele. Mkononi ana mwiko wa ugali, ameushika kama kalamu.

"Wadau, mambo vipi!" akapaza sauti.

Msiba wote ukaduwaa.

"Nimesema, wadau, mambo vipi!"

"Poa," mtu mmoja nyuma akajibu kwa woga.

"Sijawasikia waombolezaji! Haya, tutunge sheria za semina. Sheria ya kwanza, simu zizimwe." Akanyoosha mwiko kwenye jeneza. "Mwenzenu huyu ameshazima yake. Mpigieni makofi ya kilo!"

Kuna mama mmoja alikuwa analia tangu asubuhi. Nilimsikia akicheka kwa pua.

Watu wakapiga makofi. Jamani, walipiga.

"Wekeni jeneza kivulini, tugawanyike makundi. Kundi la kwanza, jadilini: maji ni nini? Kundi la pili, jadilini: kwa nini marehemu hajajengewa uwezo wa kuogelea?"

Jeneza likawekwa chini. Kelvin alikuwa amekauka kama dagaa, shada liko kifuani.

Scholastica akachora chini kwa ncha ya mwiko, kwenye mchanga wa ukingoni. "Huu ni mti wa matatizo. Bibi Costancia anakwenda kaburini, amekuta korongo. Tatizo hilo. Nani anaujua mzizi? Mwenyekiti!"

Bonifas alikuwa amesimama na wafiwa. "Mtani, tafadhali..."

"Hilo ni tawi! Nataka mzizi!"

Maji tu ndiyo yanasikika.

"Basi nitawaonyesha. Mzizi uko uani kwa mfiwa huyu, umefunikwa turubai, mchwa wanaufanyia semina." Akakaa chini, katikati ya njia, akakunja miguu. "Mama yako havuki, Bonifas. Hapandishwi begani akapita majini kama gunia la mpunga, na mbao ziko kwake. Mimi mtani wake nimekataa. Nimeketi."

Kelvin akasogea. Sauti ilikuwa ndogo. "Lakini mama, samahani, vile vifaa bado havijakabidhiwa. Mgeni rasmi..."

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mgeni rasmi huyu hapa." Akapiga mwiko wake taratibu juu ya jeneza. "Amevaa vizuri, amefika kwa wakati, na hana hotuba ndefu. Unamtaka nani zaidi yake?"

Nikamtazama Bonifas. Nilitaka kuona atafanyaje, maana nilikuwa namjua: mtu wa kukaza kamba.

Bonifas akafuta uso kwa kiganja. Akasema, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mtani hanuniwi. Kaleteni mbao."

Sijawahi kuona wanaume wa Mlolweni wakikimbia vile. Mimi mwenyewe nilikwenda kuchukua msumeno. Katekista alivua kanzu yake akaitundika kwenye kichaka. Wengine walichimba kingo, wengine walibeba mihimili, na akina mama waliobaki na jeneza waliimba nyimbo za kanisani kwa mwendo wa nyundo zetu. Nilipanga mbao mimi, na niliona upande upi umelegea na upande upi umekaza, maana njia ya reli na njia ya mguu ni ndugu.

Hata Kelvin alishika nyundo. Alijigonga kidole. Nilimwambia, "Hilo ni tawi, tafuta msumari."

Jua lilipoanza kuegemea, daraja lilikuwa tayari.

Scholastica akaung'oa utepe mwekundu kwenye shada la Kelvin, akaufunga huku na huku mwanzoni mwa daraja. Akamwita Raheli, na tumbo lake lile, akampa kisu cha jikoni.

"Kata kwa niaba ya mgeni rasmi."

Raheli alikata.

Bibi Costancia akavuka wa kwanza, mabegani mwa watu, na hakuna mguu uliolowa. Tukamzika vizuri.

Masika yaliingia kwa hasira. Korongo likajaa mpaka likagusa mihimili, na ndipo Raheli akashikwa na uchungu. Tulivuka naye kwa miguu, maji yakinguruma chini yetu, yeye kanishika mkono mpaka mifupa ikalia. Kufika zahanati hakukuwa na muda wa kusubiri. Alijifungua msichana, na mtoto alilia mpaka nikaombwa nikakae nje kwa sababu na mimi nilikuwa nafanya kelele.

Sasa sikilizeni.

Nilichukua jogoo wangu nikaenda kwa Scholastica kumshukuru.

Akamtazama jogoo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaka Danieli, jogoo huyu umekosea nyumba. Mpeleke kwa Bonifas."

"Bonifas? Yule wa turubai?"

"Jioni ile alipokuja kunipa taarifa ya msiba, hakulia kwanza. Aliniambia, 'Mtani, mama aliniambia siku nyingi kwamba hataki kwenda kaburini akipita pale alipompokea mtoto wa Raheli akafa mikononi mwake. Mimi nikitoa mbao, kamati itavunjwa. Wewe ukizidai, nani atakulaumu? Nidai mbele ya watu. Niaibishe sana, ili hata Kelvin aone sikuwa na njia.' Na fulana alinipa yeye. Semina tu ndiyo niliongeza mwenyewe."

Nikamrudisha jogoo wangu kwapani.

Nikaenda kwa Bonifas. Alikuwa anakunja lile turubai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Nikamkabidhi jogoo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, mzee, ungekwenda kupeleka hoja ofisini kwa maneno yaliyopangwa."

Kijana alisema kweli, na mimi sipendi watu wanaosema kweli kabla ya chakula cha mchana.

Mgeni rasmi alikuja hatimaye. Alizindua ubao wa matangazo uliojengwa mwanzoni mwa daraja. Mpaka leo una tangazo moja tu, la kuzinduliwa kwake. Kelvin akasimama akasema daraja lile ni matunda ya mafunzo ya Kamati Imara, na kwamba mama Scholastica ataalikwa Mikumi awe mwezeshaji. Scholastica, kwenye kiti cha mbele, akakohoa mara moja tu. Kelvin akafupisha hotuba.

Tangu siku ile vikao vyetu ni vifupi. Mtu akianza kurefusha maneno, Scholastica anauliza kama ni mzizi au ni tawi, na mtu anakaa.

Ninyi mnaotaka kuziimarisha kamati za vitongoji, nisikilizeni mimi niliyetikiswa kiuno. Tuleteeni mbao, na mziache bila turubai. Fulana mnaweza kubaki nazo. Mtu wa kuicheka kamati usoni bila kununiwa tunaye tayari, alikuwepo kabla ya semina zenu, na hajawahi kuomba cheti.

Mjukuu wangu anaitwa Costancia. Jana nilimvusha korongo nikiwa nimembeba mgongoni. Alikuwa amelala, hata hakujua kwamba tunavuka.